Namba nane kwenye karatasi ya mama

Kijana mmoja wa Wete kaniandikia, na suali lake naliweka hapa kwa ufupi kabla sijamjibu. "Daktari shikamoo. Mama yangu ana miaka 58, hajavuta sigara maisha yake, kagundulika na saratani ya pafu, kinyama walichokata kimeonesha aina inayoitwa adenokasinoma na wanasema ni hatua ya nne kwa sababu ana maji kwenye pafu na doa dogo kwenye ubongo. Wiki tatu nyuma damu yake ilikuwa chembe nyeupe zote 5.4, nyutrofili 3.1 na limfosaiti 1.5, ya juzi chembe nyeupe zote 8.7, nyutrofili 7.2 na limfosaiti 0.9. Nimesoma kwenye intaneti ukigawa nyutrofili kwa limfosaiti ukapata zaidi ya 5 basi mgonjwa wa pafu hana muda, na mie nimepata 8. Hivi sasa anameza deksamethasoni kwa ajili ya kichwa, na alikuwa na homa akaanzishiwa antibayotiki. Familia wanasema hakuna haja ya kumsumbua na safari ya Dar. Nambie ukweli, hii 8 maana yake nini?"

Marahaba mwanangu, na poleni nyote hapo nyumbani, Mola amjaalie mama shifaa. Nakujibu kwanza lile unalolitaka halafu nikueleze kwa nini. Hiyo 8 haikwambii mamaako kabakiwa na muda gani, kwa sababu damu ile imetolewa akiwa yumo kwenye deksamethasoni na homa bado haijamtoka vizuri, na vitu viwili hivyo peke yake vinatosha kabisa kuipandisha 2 ikawa 8 bila ya saratani kusogea hata kidogo. Na safari ya Dar msiivunje kwa ajili ya namba hiyo. Kama ipo sababu nyengine, amechoka, hataki mwenyewe, hawezi kukaa kwenye boti masaa yote hayo, hayo ni mambo ya kukaa tukazungumza, lakini sio hii.

Sasa usidhani nakupoza. Ulichokisoma hakikuzuliwa, huo uwiano upo kweli, unaitwa NLR, na mie mwenyewe kila FBP, yani kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu, ya mgonjwa wa saratani ikija mezani nagawa kwa kichwa kabla sijaangalia kitu chengine. Kinachonisikitisha ni kuwa mtu anausoma peke yake usiku kwenye simu, hakuna wa kumuuliza, asubuhi familia nzima imeshakata tamaa juu ya mgonjwa ambaye matibabu hayajaanza.

Hebu tuanze na chembe zenyewe maana ukizijua mengine yanakuja yenyewe. Ukitandaza tone la damu kwenye kioo, ukalitia rangi, ukaliweka chini ya hadubini, katikati ya zile chembe nyekundu zilizojaa kama mtama kwenye ungo utaona hapa na pale chembe kubwa zaidi zenye kiini cha zambarau. Zile ambazo kiini chake kimegawika vipande vitatu vinne vilivyoshikana kwa uzi mwembamba kama ushanga, hizo ndio nyutrofili, zinakimbilia palipo na jeraha au bakteria, maisha yake mafupi sana, na ule usaha unaouona kwenye jipu kwa sehemu kubwa ni hizo zilizokufa kazini. Zile ndogo, kiini kimoja cha duara kimejaa karibu chembe yote kikabakisha ukingo mwembamba wa buluu pembeni, hizo limfosaiti, na ndani yao mna zile zinazoitwa seli T ambazo zina uwezo wa kuitambua seli ya mwili iliyoharibika, iwe imeingiliwa na virusi au imegeuka saratani, zikaiua. Baadhi yake zinaishi miaka. Basi NLR ni kuchukua nyutrofili ukagawa kwa limfosaiti, basi, hakuna siri. Ya mama ya mwanzo 3.1 kwa 1.5 ni 2 na kidogo, ya juzi 7.2 kwa 0.9 ni 8 kamili, hesabu yako iko sawasawa.

Kwa nini hesabu ya kugawa ya skuli ya msingi iseme kitu kuhusu pafu? Kwa sababu saratani haikai kimya mwilini. Tokea mwaka 1863 Mjerumani Rudolf Virchow alishaziona chembe nyeupe ndani ya vivimbe akasema saratani na ile hali ya mwili kuwaka ndani kwa ndani vinakwenda pamoja, na mwaka 1986 Mmarekani Harold Dvorak akaja akaandika kuwa uvimbe wa saratani unafanana na donda lisilopona. Mie neno hilo nalipenda maana ndivyo linavyofanya hasa, uvimbe unatuma ishara kwenye uboho wa mifupa kuwa huku kuna donda leteni watu, uboho unatengeneza nyutrofili kwa wingi unazitoa, zikifika pale badala ya kusaidia mwili mara nyingi zinausaidia uvimbe wenyewe, zinalainisha nyama za pembeni uvimbe upate kupenya, zinachochea mishipa mipya ya damu, na zinazibana zile seli T zisifanye kazi yake. Huku mgonjwa hali vizuri, anakonda, limfosaiti nazo zinapungua. Kwa hiyo uwiano ukipanda unakuwa umechanganya khabari mbili kwa pamoja, moto umezidi na walinzi wamepungua.

Na ushahidi upo. Mwaka 2014 watafiti walikusanya tafiti 100 zenye wagonjwa 40,559 wa saratani za vivimbe za aina mbalimbali, mpaka uliotumika ukawa kwa kawaida unazunguka kwenye 4, wakakuta walio juu ya mpaka walikuwa na hatari ya kufariki mara 1.81 ukilinganisha na walio chini. Hapo ndipo watu wengi wanapoteleza. Hiyo 1.81 haina maana mtu wa juu ya mpaka anaishi nusu ya mwenzake. Maana yake ni kuwa ukilichukua kundi zima la juu na kundi zima la chini, wakati wowote ukiwatazama waliobaki hai, kule juu wanaondoka kwa kasi karibu mara mbili kasoro. Makundi haya yanaingiliana sana, kule juu wamo waliokaa miaka na kule chini wamo waliokwenda haraka. Daktari akiwa na wagonjwa mia mbele yake anaweza kukwambia kundi lipi litakuwa na shida zaidi na asikosee sana, ila ukimwekea mgonjwa mmoja, mamaako, hajui yuko wapi ndani ya kundi hilo. Na hao 40,559 sio wa pafu peke yao, wamo wa utumbo, wa tumbo, wa ini, wa figo na wengineo.

Ikaja hii tiba ya kinga, zile dripu za kama nivolumab na pembrolizumab ambazo zinaondoa breki kwenye seli T, zilianza kuruhusiwa Marekani kwa saratani ya pafu mwaka 2015, na waliogundua njia hiyo, James Allison na Tasuku Honjo, walipewa Nobel 2018. Tiba inayotegemea limfosaiti, basi uwiano ukapata umaarufu mara mbili. Mwaka huo huo wa 2018 ikatoka njia inayoitwa LIPI, wao wanachukua uwiano wa namna nyengine kidogo, nyutrofili ugawe kwa chembe nyeupe zote zilizobaki baada ya kuzitoa nyutrofili zenyewe, waone kama unapita 3, halafu wanaongeza kipimo cha damu kinachoitwa LDH waone kama kimepita kiwango. Huna lolote katika mawili hayo uko kundi zuri, unalo moja uko kati, unayo yote mawili uko kundi gumu. Kwenye utafiti wao wa wagonjwa 466 wa saratani ya pafu iliyoenea waliopewa tiba ya kinga, nusu ya kundi zuri walifika miezi 34, la kati miezi 10, na lile gumu miezi 3. Nakutajia kwa sababu najua utakutana nayo, bora uisikie kwangu pamoja na maelezo yake. Hao ni watu waliokuwa kwenye dripu za kinga, mamaako hata hajaanza tiba, na damu yake imechukuliwa wakati mbovu.

Tuje kwenye huo wakati mbovu sasa maana hapa ndipo jibu lako lilipo.

Nyutrofili zote hazipo kwenye mkondo wa damu. Sehemu kubwa zimejishika kwenye kuta za mishipa zinasubiri, na nyengine bado zimo kwenye uboho. Deksamethasoni ikiingia, ndani ya saa chache tu zile zilizojishika zinaachia zinaingia kwenye mkondo, na uboho nao unamwaga zake, wakati huo huo limfosaiti zinaondoka kwenye damu zinakwenda kujificha kwenye uboho na matezi. Yani juu inaongezeka na chini inapungua kwa mpigo mmoja, na wewe unagawa. Mtu mzima mwenye afya zake ukimpa deksamethasoni leo asubuhi ukampima mchana uwiano wake utapanda. Hebu zitazame tena karatasi zako mbili, ya kwanza chembe nyeupe zote unaniambia 5.4, ya pili 8.7, uwiano umetoka 2 umekwenda 8, na baina ya karatasi hizo mbili kumetokea nini? Vidonge vya kichwa na homa. Hata ule uwiano wa LIPI nimekufanyia, wa mwanzo 3.1 kwa 2.3 ni 1.3, wa pili 7.2 kwa 1.5 ni 4.8, umevuka mpaka, na sababu ni hizo hizo. Mie kama ningelazimishwa kuchagua karatasi moja ya kumsomea mamaako, ningechukua ya mwanzo bila ya kusita, na ile ya mwanzo sio mbaya hata kidogo.

Nakuomba kwa Mungu usije ukamwachisha vidonge ili namba ishuke. Doa kwenye ubongo linavimbisha pembezoni mwake na deksamethasoni ndio inayozuia ule uvimbe, ukizikata ghafla kichwa kitarudi na vitu vibaya zaidi ya kichwa vinaweza kuja, na mwili ulioizoea dawa hiyo siku nyingi haukubali kukatishwa kwa mara moja, unashushwa kidogo kidogo na daktari. Ampeni asubuhi baada ya kula, na mpimeni sukari maana inapanda nayo.

Homa nayo ndio usiseme, nyutrofili kazi yake ya asili ndio hiyo, pafu lenye saratani linaziba njia nyuma yake makohozi yanaoza, nimonia inaingia, na mgonjwa wa nimonia hata asiyekuwa na saratani anaweza kuwa na uwiano wa 8 na 10 na zaidi, akipona unarudi. Kifua kikuu kinaubadilisha, HIV inashusha limfosaiti, sindano za kupandisha chembe baada ya kemotherapi zinapandisha nyutrofili juu kabisa, kemotherapi yenyewe inazishusha zote, sigara inapandisha, hata dhiki ya kuchomwa na kutolewa maji pafuni inatosha kusogeza kidogo.

Jambo jengine ambalo watu hawaulizi kabisa ni namba imepatikanaje. Kwengine mashine za maabara ni zile zinazogawa chembe nyeupe mafungu matatu tu, utaona kwenye karatasi LYM, MID na GRA. Hiyo GRA huwa sio nyutrofili peke yake, kwenye baadhi ya mashine mnaingia na esinofili ndani yake, chembe nyeupe za aina nyengine, na esinofili zinapanda kwa minyoo, kichocho, pumu na mzio, mambo ambayo Pemba hatuyatafuti mbali, maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi imefanya kazi ya minyoo na kichocho miaka mingi. Kwa hiyo mtu mwenye minyoo akigawa GRA kwa LYM, yani limfosaiti, anaweza kupata uwiano mkubwa kuliko ulivyo. Kwengine tena mashine imeharibika, mtu wa maabara anakaa na hadubini na kidude cha vibonye, kila aina ya chembe kibonye chake, anahesabu mpaka kinalia kengele amefika mia. Mie nimekihesabia sana kidude kile ujanani, vidole vinauma. Sasa katika chembe mia ukapata limfosaiti 12, kihesabu ukweli wa damu yote unaweza kuwa popote baina ya 6 na 20, kwa sababu mia ni chache. Yani mgonjwa huyo huyo, tone hilo hilo, mwenzangu akihesabu mia nyengine anaweza kupata uwiano wa 4 na mie nikapata 12 na hakuna aliyekosea. Waulize wameipima kwa mashine gani au kwa mkono, hawatakasirika, wenyewe wanajua.

Halafu hiyo mipaka ya 3 na 4 na 5 imetoka wapi? Kwa wingi wake China, Japani, Ulaya na Marekani. Sie huku tuna jambo letu. Wengi wa watu wenye asili ya Afrika, na hata Yemen wamo, chembe zao nyekundu hazina alama inayoitwa Duffy, kutokuwa nayo kunazuia kwa sehemu kubwa ile malaria ya vivaksi isipate mlango wa kuingia, na mwenye kukosa alama hiyo nyutrofili zake kwenye mkondo wa damu huwa chache kuliko vitabu vinavyosema, na yuko mzima hana ugonjwa. Nimeona vijana wazima kabisa wanakuja kupimwa kwa ajili ya kazi nyutrofili 1.2, wanaambiwa damu yao mbovu, wanapata khofu ya bure. Marekani utafiti wa 2014 kwa watu wa kawaida tu wasiochaguliwa kwa ugonjwa wowote ulikuta uwiano wa wastani wa Wazungu 2.24 na wa watu weusi 1.76. Kwa hiyo ukichukua mpaka wa watu wengine ukamwekea bibi wa Wete unaweza kukosea kwa upande wowote, unaweza kumtisha aliye salama na unaweza pia kumtuliza mtu ambaye kwake yeye 3 ni kubwa. Ndio maana nasema mpaka wa kweli wa mamaako ni yeye mwenyewe, kile alichokuwa nacho siku alipokuwa hana homa wala vidonge. Kama ana karatasi za zamani, za kliniki ya presha, za operesheni yoyote, zitafute, kabatini zipo, kina mama wetu hawatupi karatasi ya spitali.

Watakutajia na uwiano mwengine, wa chembe sahani kwa limfosaiti, na wa limfosaiti kwa monosaiti, wazo ni moja na udhaifu ni ule ule, usijitie kwenye hesabu nyengine.

Sasa nikwambie kitu ambacho ningependa kikukoseshe usingizi badala ya hiyo 8. Mwanamke, hajavuta sigara, adenokasinoma. Mtu wa namna hiyo lazima kinyama chake kiulizwe kama kuna mabadiliko kwenye jeni, yani yale maagizo ya urithi ndani ya seli, inayoitwa EGFR, na yakikosekana hayo waulize na jeni ya ALK. Mamaako pengine kapika kwa kuni kwenye jiko la uani miaka arubaini na moshi wote kaumeza yeye, moshi ule unatiliwa shaka kweli kweli kwenye saratani ya pafu, lakini hilo limeshapita, la mbele yetu ni kuwa saratani za pafu kwa wasiovuta sigara ndizo zinazobeba mabadiliko hayo kwa wingi zaidi, na mwenye nayo anatibiwa kwa kidonge anachokimeza nyumbani, hana haja ya dripu. Matokeo ya kidonge kimoja cha EGFR kinachoitwa osimertinib yaliyotoka 2020 yalionesha nusu ya waliokuwa wakikitumia, wenye saratani iliyoenea kama ya mama, walipita miezi 38, na wale wa vidonge vya zamani, gefitinib au erlotinib, karibu miezi 32. Tena osimertinib inaingia kwenye ubongo vizuri. Erlotinib imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tokea 2019, na gefitinib imetajwa hapo hapo kuwa inaweza kushika nafasi yake. Sikuahidi kuwa mama ana mabadiliko ya EGFR, anaweza asiwe nayo, lakini tofauti ya kuwa nayo na kutokuwa nayo ni kubwa mno kuliko tofauti ya 2 na 8 kwenye karatasi ya damu, na hilo halijulikani mpaka kipimwe. Kinyama kilichokatwa hakitupwi, kinagandishwa kwenye nta kinakuwa kama kitufali kidogo, kiulizie kilipo, kiombe, ukichukue kwa mkono wako uende nacho Dar. Nimeona familia zimefika mpaka kule halafu zinarudi kufuata nta, wiki mbili zimepotea kwa kitu cha kuingia mfukoni.

Baada ya hilo vinavyompima mamaako vizuri kuliko uwiano ni vitu vya kawaida kabisa. Anajitawadhia mwenyewe? Mchana kutwa yuko kitandani au anatoka uani anakaa na wenzake? Anakula? Amepungua kilo ngapi tokea Ramadhani? Daktari wa saratani atakuuliza hayo mwanzo kabisa na majibu yake yana uzito kuliko mashine zote, kwa hiyo yaandike kwa ukweli, wala usimpambe mama ili aonekane ana nguvu.

Huko Ocean Road, spitali ya saratani ya Dar, kuna mionzi, na lile doa la ubongo linaweza kuhitaji mionzi, hiyo ni sababu ya safari peke yake. Na uombe mapema muonane na watu wa tiba shufaa, yani ya kumtuliza mgonjwa maumivu na dhiki, wala usiogope jina hilo ukadhani ni mlango wa kutokea. Utafiti wa Boston uliotoka 2010 uliwachukua wagonjwa 151 wenye saratani ya pafu kama hii iliyoenea, nusu wakapewa tiba shufaa tokea mwanzo pamoja na matibabu ya kawaida, wakawa na maisha mepesi zaidi na katikati ya kundi lao wakafika miezi 11.6, wenzao 8.9. Kutuliza maumivu na pumzi, mofini ya maji ikihitajika, kumlaza vizuri, kumtoa maji pafuni kabla hajazidiwa, hayo yalimpa mtu muda.

Uwiano tutautumia vipi basi, maana sijasema tuutupe. Homa iishe, zipite wiki mbili hivi, apimwe FBP kwenye maabara ile ile na mashine ile ile ikiwezekana, siku moja kabla ya kuanza matibabu. Kama deksamethasoni daktari ameshaishusha au ameiondoa vizuri zaidi, na kama haiwezekani kuondoka, apimwe akiwa kwenye kipimo cha dawa kile kile ili tulinganishe sawa kwa sawa. Halafu tena baada ya wiki 6 za matibabu. Ukiniletea namba tatu nne zilizopangwa kwa tarehe ntakwambia mengi, ukiona unashuka na mama anakula anatembea hiyo ni khabari ya kufurahisha. Unapanda bila ya homa, bila ya vidonge, na yeye anazidi kukonda, basi hapo kweli tutakaa kitako, na picha ya kifua ipigwe mapema kuliko ilivyopangwa.

Na watakuja watu, nawajua, na chupa. Ya kupandisha kinga, ya kusafisha damu, habbasoda ya aina maalumu, unga wa mlonge wa bei ya ajabu. Akitia habbasoda kwenye chakula chake kama alivyozoea sina neno, lakini msitoe pesa za nauli na vipimo mkanunua kitu cha kushusha namba. Namba hii inatuonesha moto ulivyo, kuishusha namba hakuuzimi moto, na dawa nyengine za chupa zinagombana na hivyo vidonge vya EGFR vikashindwa kufanya kazi au vikamdhuru ini. Chochote anachokunywa daktari akijue.

Umeniuliza ukweli, na ukweli wote ni huu: hatua ya nne ni nzito, kwa kawaida hatuizungumzii kuitoa kabisa, tunaizungumzia kuishika na kumpa mama muda mzuri, na muda huo kwa mwengine ni miezi na kwa mwengine ni miaka, na kinachogawa hapo kwa sehemu kubwa ni hicho kinyama kwenye nta na nguvu alizonazo siku ya kuanza. Umri anao Mungu, sisi tunatafuta sababu.

Kuhusu kumwambia mama, najua kwetu tunaficha, mgonjwa anakuwa wa mwisho kujua maradhi yake, na nakuelewa kwa nini. Hiyo 8 usimwambie, haina faida yoyote kwake. Lakini usimpandishe boti bila ya kujua anakwenda wapi na kwa nini. Kaa naye siku moja watu wametulia, baada ya Alasiri labda, muulize, mama wewe unaonaje maradhi haya, na ungependa daktari azungumze na wewe au na sisi? Utashangaa, wengi wao wameshajua siku nyingi wanakulindeni nyinyi tu. Akisema nataka kwenda, mnakwenda. Akisema nimechoka nibakini Wete, basi hilo lisikilizwe, lakini liwe neno lake mwenyewe baada ya kuelezwa kuwa kuna kipimo kinaweza kumfungulia kidonge.

Mkienda, zitie karatasi zote mbili za damu kwenye bahasha moja pamoja na majibu ya kinyama na sidii ya siti skani, na juu ya ile ya pili andika kwa peni deksamethasoni imeanza tarehe gani, miligramu ngapi, na homa ilianza lini, ili atakayeisoma kule asije akagawa kama ulivyogawa wewe.